Njia ya Kivumbasi

Mwanangu Zuhura,

Salamu sikuandikii. Uko hapo jikoni unakoroga uji wa bibi yako, na kwa namna mwiko unavyogonga sufuria najua umekasirika. Mimi niko chumbani, nimekaa juu ya begi lako ili mtu akichungulia asilione. Utasema, mama, si ungesubiri nifike Mikumi unipigie simu? Simu yangu unaijua. Bibi yako anataka iwekwe sauti kubwa asikie mwenyewe, na baba yako mkubwa Seifu akiwepo ndiye anayepokea. Simu ya hivyo ni ya ukoo, si ya mama na mtoto.

Mambo ya kula, kulala na kujitunza sikuandikii pia. Hayo nimeshayasema mpaka umenichoka, na juzi nilikuona unachezesha midomo kunifuatisha kabla sijamaliza. Nataka kukuambia habari ya maua ya uwanjani, yale yanayoanzia mlango wa jikoni mpaka kwenye uzio. Unayajua kwa mikono, umeyapalilia tangu ukiwa mdogo. Usilolijua ni kwa nini yalipandwa pale na si mahali pengine.

Watu wote hapa Mvumi wanajua niliyapanda kwa ajili ya maboga. Ni kweli, lakini ukweli huo ulikuja baadaye.

Nilipoletwa hapa kutoka Vidunda nilikuwa mdogo kuliko wewe ulivyo sasa. Kwetu ni mlimani. Mgomba umeota ulipoota, ua limeota lilipoota, na hakuna anayeliuliza limekuja kufanya nini. Hapa nikakuta uwanja mtupu, hauna hata jani. Kila alasiri ulifagiwa wote kwa ufagio wa chelewa, kuanzia barazani mpaka uzioni, huku unarudi kinyumenyume usikanyage ulipokwisha kufagia. Mchanga ulibaki na mistari kama nywele zilizochanwa. Nikadhani ni usafi. Na wenyewe walisema ni usafi, tena majani yanaleta nyoka, tena mwanamke mwenye nyasi mlangoni ni mvivu.

Kumbe bibi yako alikuwa anaamka kabla ya adhana, anasimama barazani, anausoma uwanja kama wengine wanavyosoma gazeti. Anajua fisi kapita wapi, mbuzi wa nani kaingia, mwanawe yupi karudi kalewa na kapepesukia upande gani. Baba yako, Mungu amrehemu, aliniambia mama yake alianza hivyo baada ya kuibiwa kuku. Mimi naona hata hao kuku wangerudi wenyewe kuomba radhi, asingeacha.

Alfajiri moja nikaondoka. Sikupigwa, wala sikunyimwa chakula. Baba yako hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtoto wa mama yake, basi. Niliondoka kwa sababu ndani ya nyumba hii hapakuwa na kitu kilichosubiri niseme mimi. Hata chumvi niliambiwa niitie lini. Nikafunga kanga zangu, nikavuka uwanja kwa ncha za vidole, nikashika njia ya Kilosa. Jua halijapanda vizuri nikasikia kengele ya baiskeli nyuma yangu. Seifu. Wala hakunikemea. Alisema, "Shemeji, mama anasema nyayo zako zimeelekea huku. Panda turudi." Nikapanda kwenye keria, tukarudi.

Alasiri ile nikapewa ufagio kama kawaida. Nikafagia nyayo zangu mwenyewe, za kwenda na za tairi la kurudi. Nililia nikiwa nimeinama, maana aliyeinama anafagia haulizwi kitu.

Hapo ndipo nilipofikiria majani. Penye majani hapana nyayo.

Nilipokwenda kumzika mama yangu Vidunda nikarudi na vitu ndani ya kanga. Vipande vya kivumbasi. Mbegu za lile ua la rangi ya chungwa linalozunguka shina ngazi kwa ngazi, lile ambalo ndege chozi wanaligombania. Mizizi ya mtugutu wenye maua ya zambarau. Na viazi vya lile ua jekundu lenye kingo za njano linalopanda kwa kushika vijiti na ncha za majani yake. Bibi yako akafungua kanga, akatazama.

"Haya si magugu haya?"

"Kivumbasi ni dawa ya mbu, mama," nikamwambia.

Hilo hakuweza kulipinga, kila mtu analijua. Akanionyesha nipande nyuma ya choo. Nikapanda huko kidogo, na kingine nikapanda mlangoni pa jikoni, ambapo mbu nao wanapita. Kila msimu nikasogea hatua moja kuelekea uzioni.

Sasa nisikilize hapa, maana haya ndiyo yatakayokusaidia kitaluni kwa Mama Neema. Maua ya porini si kama mchicha. Mwaka wa kwanza unaweza kuona jani moja na ukadhani umepanda hewa. Linatengeneza mzizi kwanza. Mimi nilikuwa na haraka, unajua haraka ya nini. Kiangazi kilipokuja lile ua jekundu likanyauka mpaka chini, nikalihurumia, nikawa nalimwagilia asubuhi na jioni kwa maji niliyotakiwa kuogea. Nilipofukua nikakuta viazi vingi vimeoza, vinanuka. Havikuwa vimekufa, vilikuwa vimelala, na mimi ndiye niliyeviua kwa huruma. Kiangazi uviache. Mvua itaviamsha yenyewe.

Vile nilivyokuwekea begini viko kwenye kopo la mchanga mkavu. Ukishika kimoja utaona kina pande mbili kama manati. Jicho lake liko kwenye ncha, ncha ikivunjika hakioti. Na ni sumu. Mbuzi wa baba yako mkubwa alikula kimoja na hakumaliza siku, na kelele za siku hiyo bado nazisikia. Kwa hiyo usikiweke karibu na viazi vya kula, na mteja mwenye watoto wadogo umwambie kabla hajanunua, hata kama ataacha kununua.

Kosa langu lingine ni la nyuki. Pale nyuma ya jiko, kwenye ardhi ngumu, palikuwa na vishimo vidogo vidogo, na kila kishimo kina nyuki wake mmoja mweusi anaingia na kutoka. Nikadhani ni nyigu. Nikachemsha maji, nikayamwaga. Nilisifiwa sana siku ile, wifi zangu wakasema nimeanza kuwa mwanamke wa nyumba. Msimu huohuo maboga yakaanza kuoza yakiwa saizi ya ngumi. Yanatunga, yanageuka njano, yanadondoka. Tukasema ni jicho la mtu. Bibi yako akataja hata jina la jirani. Na huku sisi wenyewe kila asubuhi tulikuwa tunachuma maua ya maboga tunayapika na majani yake kwa karanga, na nyuki waliobaki wakija wanakuta vikonyo. Tulikuwa tunakula maboga yetu kabla hayajazaliwa.

Nilikuja kuelewa nikiwa nimechuchumaa kwenye kivumbasi asubuhi moja. Nilikuwa nimejificha tu, nilitaka mahali ambapo hakuna anayeniona. Nikaona wale nyuki wadogo wasiouma, na yule mkubwa mweusi anayetoboa boriti, wanatoka kwenye kivumbasi wanaingia kwenye ua la boga, wanatoka wamejaa unga wa njano mgongoni. Mashina ya maboga yaliyokuwa karibu na maua yangu ndiyo pekee yaliyoshika. Nikamwonyesha bibi yako. Akatazama maboga, akanitazama mimi, akasema, "Basi yaache." Tangu siku hiyo nikaitwa mwenye maua, na watu wakaja kuomba vipande. Hata Mama Neema alikuja kununua maboga, akasahau maboga akaanza kuuliza habari za vipepeo. Ndiyo hivyo umepata kazi kitaluni kwake.

Lakini mimi nilikuwa nasogea uzioni.

Siku maua yalipofika uzioni wewe ulikuwa unaanza kutambaa. Masika yalikuwa yameisha, kivumbasi kimenifika begani. Nikakubeba mgongoni alfajiri, nikatoka mlango wa jikoni nikaingia majani, na sikuacha hata unyayo mmoja. Nikafika uzioni. Nikasimama. Siku chache kabla nilikuwa nimepata jibu la kaka yangu kutoka Vidunda, kwamba mwanamke akishaolewa kwao ni kwa mumewe, na kwamba chumba changu wameshaweka mahindi. Nikasimama pale mpaka kanga ikalowa umande na wewe ukaanza kupiga chafya. Njia nilikuwa nayo. Mahali ndipo sikuwa napo. Nikarudi, nikawasha moto, nikabandika chai.

Hilo ndilo ninalokupa, mengine utayajua mwenyewe. Miaka yangu yote ya ujana niliitumia kutengeneza namna ya kutoka, nisitengeneze pa kwenda. Wewe una pa kwenda. Kitalu ni kidogo, kiko kando ya barabara kuu, malori yatakurushia vumbi kwenye miche, na wenye gesti watakuambia wanataka maua ya kizungu, hayo yako ni ya porini. Waache waseme. Wape kivumbasi kimoja bure wapande dirishani, mbu wakipungua watarudi wenyewe. Lakini ni mahali, na Mama Neema ameulizwa mwenyewe akasema njoo.

Umeniuliza tena jana, "Mama, kwa nini tusiondoke wote?" Nikajifanya nachambua mchele. Jibu ni hili. Nikiondoka, nani atamgeuza bibi yako usiku? Seifu alipoitisha kikao akasema, "Zuhura haendi popote, bibi anahitaji mkono," hakusema mkono wa nani ungechukua nafasi ya wako. Ni wangu. Usidhani nakaa kwa wema. Nimechoka, na kuna siku nikimlisha namtazama naona ujana wangu wote uko tumboni mwake. Angebaki mkali kama zamani ningeondoka nawe kesho. Tatizo ni macho yake.

Tangu yalipoingia ukungu, mimi ndiye ninayemsomea uwanja. Unatusikia kila asubuhi. "Mama Zuhura, kuna nyayo za nani?" Namwambia, za kuku, mama, na za paka wa jirani, na za Seifu kwenda msikitini. Anatikisa kichwa, anaridhika, anakunywa uji. Sijawahi kumdanganya hata mara moja. Sijui kwa nini. Alinifungia kwa uwanja huu, na sasa uwanja uko mdomoni mwangu, ningeweza kumwambia tembo kapita akaamini. Siwezi. Amebaki na hicho tu, na amenikabidhi mimi.

Kwa hiyo kesho alfajiri usivuke uwanja. Pita kwenye kivumbasi mpaka uzioni, bodaboda atakusubiri nyuma ya msikiti, ndiye mtoto wa Mwajuma, namwamini. Seifu akiamka asione kitu. Na bibi yako akiniuliza, nimwambie za kuku tu, mama, na iwe kweli. Ndiyo sababu nakuandikia haya yote. Nimeitunza njia ile miaka yote, na wewe ndiye utakayeipita.

Ngoja, bibi yako ananiita.

Nimerudi. Nilitaka kuichana karatasi hii nianze upya, lakini ndiyo ya mwisho iliyokuwa kwenye daftari lako, na yaliyoandikwa yameandikwa. Soma na haya.

Ulikuwa umetoka kwenda kuteka maji. Nikamkuta amekaa mkekani, bakuli la uji liko tupu, umelisafisha vizuri. Akaniuliza, "Umeshafagia?"

"Bado, mama. Ndiyo nataka kwenda."

"Fagia vizuri leo. Mpaka uzioni." Kisha akaongeza, "Na kesho usifagie."

Unaujua mwiko wake. Msafiri akitoka, uwanja haufagiwi mpaka isikike amefika, usije ukafagia na marejeo yake. Ni safari tu ndiyo inayouzuia ufagio, na hapa watu hawasafiri.

"Kwani kuna msafiri, mama?"

"Unaniuliza mimi nisiyeona?"

Akapapasa mkeka mpaka akapata mkono wangu, akaushika, si kwa upole, kama mtu anayeshika kamba ya mbuzi. Akasema amemtuma Seifu Kilosa kumfuatia dawa, na amemwambia alale kwa shangazi yake, asirudi usiku na baiskeli. Zuhura, dawa zake hazijaisha. Nimezihesabu jana mwenyewe, na yeye alinisikia nikizihesabu.

"Mwambie apite uwanjani," akasema. "Kwenye yale maua yako kuna umande. Atanuka kivumbasi basi zima mpaka Mikumi, watu wamdhanie mganga."

"Maua yangu, mama?"

"Uliyapanda mstari mmoja kutoka jikoni mpaka uzioni. Nani anapanda maua hivyo? Nilijua tangu kivumbasi cha kwanza."

Nikamuuliza mbona hakuyang'oa. Hakufikiri hata kidogo.

"Maboga yalikuwa mazuri," akasema.

Mwanangu, ningependa kukuandikia kwamba nilimshukuru. Nilipata hasira mpaka masikio yakawasha. Miaka yote hiyo nilikuwa najificha mbele ya mtu anayenitazama. Kama aliijua njia na akaiacha, angeshindwa nini kuniambia nenda, siku moja tu, nilipokuwa bado na miguu ya kwendea? Anakufungulia wewe kwa neno moja mlango niliousukuma kwa mizizi. Nakuonea wivu, nakuambia wazi, na ukisikia hilo usilie, ni wivu wa mama, hauna sumu. Nilitoa mkono wangu mkononi mwake. Kisha nikaona kikombe chake cha maji kiko mbali, nikamsogezea. Ndivyo nilivyo sasa, mlango ukifunguliwa nasogeza kikombe.

Akasema neno moja tena nilipokuwa natoka. "Asubuhi nitakuuliza kama kawaida. Unijibu kweli."

Nimeshafagia. Umerudi na ndoo ukanikuta nafagia, ukanitazama kwa jicho la kuniambia mama, hata leo? Hata leo, tena sijawahi kufagia hivi. Nimeanza barazani nimerudi kinyumenyume mpaka uzioni, mistari yote imelala upande mmoja, kuku nimewafungia mapema na mbuzi nimemfunga kamba fupi. Hakuna hata alama ya kidole.

Kwa hiyo futa nilichokuambia juu. Hii barua nitakusomea mwenyewe kabla hujalala, kwa kunong'ona, maana ukiisomea Mikumi itakuwa imechelewa, kisha nitaiweka begini chini ya kopo la viazi. Maua yaache, utayapita siku ukija kunitembelea na mikono yako imejaa miche. Kesho toka kwa mlango wa mbele. Usivue viatu, usiende kwa ncha za vidole. Pita katikati ya uwanja, mwanangu, ukanyage kwa uzito wako wote.

Mimi nitakuwa barazani na uji. Ataniuliza, "Mama Zuhura, kuna nyayo za nani?" Nataka nimwambie, za mtu mmoja, mama, na zote ni za kwenda.

Mama yako